Maribeth Combs Aingia Uwanjani

Delbert Combs alichelewa kukata tiketi, akaangukia katikati ya watu waliovaa nyekundu. Kushoto na kulia, mbele na nyuma, wote walikuwa mashabiki wa Harlow, chuo kikuu chenye uwanja wake, bendi yake, na wasichana warefu kama milingoti. Yeye peke yake ndiye aliyevaa kijani cha Laurel Fork, chuo kidogo cha milimani Kentucky, ambacho hakijawahi kushinda hata mechi moja katika mashindano ya Machi ya mpira wa kikapu wa vyuo. Binti yake Maribeth, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alikuwa benchi, taulo shingoni.

"Mzee, umepotea njia?" aliuliza mama aliyekaa ubavuni pake, akimsogezea bakuli la bisi. Jina lake Yolanda. "Kula. Ukifungwa ukiwa na njaa inauma zaidi."

"Kwetu tunasema asante kwanza," Delbert akajibu, akachota, "halafu ndiyo tunawafunga."

Yolanda akacheka mpaka bisi zikamwagika.

Robo ya pili, msichana aliyekuwa akiiongoza timu ya Laurel Fork alitegua kifundo cha mguu, akatolewa akichechemea. Kocha akageukia benchi, akamwita Maribeth. Delbert akasahau kutafuna.

"Kadogo hako?" Yolanda akasema. "Jamani, wataumiza mtoto wa watu."

Delbert akachota bisi nyingine. Aliona heri asijulikane. Kama mambo yangeharibika, hakutaka kuonewa huruma na mtu.

Na kweli, mpira wa kwanza Maribeth alinyang'anywa mchana kweupe, uwanja ukamzomea. Lakini mara ya pili aliudunda chini chini, karibu na sakafu, akapenya kati ya walinzi wawili na kuulaza kikapuni kama anayelaza mtoto. Kisha akarusha kutoka mbali, pointi tatu. Akarusha tena, tatu nyingine.

"Bahati tu," Yolanda akasema.

Maribeth akaingiza ya tatu.

"Bahati gani hiyo isiyochoka, mama?" Delbert akauliza taratibu, moyo ukimdunda kuliko huo mpira.

Kufikia robo ya mwisho, Harlow walimpa Maribeth mlinzi wao bora, Quiana, msichana mwenye mikono mirefu kama matawi. Maribeth akamjia kwa kasi, akasimama ghafla. Quiana akateleza akapita, mpira nao ukapanda na kuzama. Hata wekundu waliguna, mguno uliokaribia sana kuwa sifa. Bisi za Yolanda zilikuwa zimesahaulika mapajani.

Zikabaki sekunde chache, Laurel Fork wako nyuma kwa pointi moja. Watu wote wamesimama, hakuna anayepumua. Mpira uko kwa Maribeth. Delbert, aliyemfundisha kurusha kwenye kikapu alichokipigilia ukutani mwa ghala la tumbaku, akajikuta amepanda juu ya kiti.

"Piga, Maribeth! Piga, mwanangu!"

Yolanda akageuka. "Mwanao?"

Kule chini wekundu wawili walimrukia Maribeth. Akapaa kama anayerusha, na akiwa hewani akaudondosha mpira kwa mwenzake Odessa Fugate, ambaye tangu mechi ianze hakuna alichoingiza, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa na habari naye. Odessa alikuwa peke yake chini ya kikapu. Akauweka ndani. King'ora kikalia.

Delbert aliteremka kitini.

"Yaani umekaa hapa nikimsema mwanao," Yolanda akasema, "na bisi zangu unakula."

"Zilikuwa tamu."

Yolanda akampiga kofi la bega, halafu akamsukuma kuelekea ngazi. "Nenda kamkumbatie, kabla sijakasirika vizuri."

Delbert alimkuta binti yake kando ya uwanja, jasho linamtiririka, anacheka na kulia kwa pamoja. Akamkumbatia mpaka akamnyanyua.

"Nilikusikia, baba," Maribeth akasema.

"Uwanja mzima umenisikia."

"Eeh, na wale wawili pia. Wote wakanijia mimi. Ndiyo nikampa Odessa."

Delbert akaangua kicheko, akajifuta macho kwa mkono wa fulana. Alitaka kusema neno, lakini timu ilikuwa inamwita binti yake. Maribeth akamponyoka, akakimbilia katikati, walikokuwa wanammwagia Odessa maji kichwani.