Themanini na Saba

Athanasi alikuwa fundi magari pale Bariadi, na mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, mkono wake ulikuwa mzuri. Ila ukimwita fundi alinuna. Alitaka aitwe injinia, kwa sababu mjini kote ni yeye peke yake aliyejua kuchomeka kompyuta kwenye gari.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipomiminika baada ya ushirika kulala chali. Mmoja wao, Kasmiri, alijinunulia gari la mtumba kutoka Japani lenye tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa. Mwenye gari wa kwanza huko alikuwa mtu wa mashindano ya magari. Alilitoa kontrolboksi la kiwandani, yaani kompyuta inayoongoza injini, akaweka jingine la kununua pembeni. Hilo jipya liliweza kuandika kwenye laptopu presha ya hewa ndani ya manifodi, lile bomba linalogawia injini hewa.

Tatizo gari lilikuwa halivuti. Tabo ilipuliza kama bibi anayepoza uji. Athanasi akaamua kurekodi presha barabarani, namba moja kila baada ya sekunde tano, akampa usukani Bujiku, dereva wa Kasmiri, mtu mpole mzaliwa wa Mwamapalala.

"Nenda mpaka Lalago urudi," alimwambia. "Pakiwa peupe, kanyaga mafuta mpaka chini."

Lalago hakufika. Kabla ya kufika Mwamapalala, kijijini kwao Bujiku, mzee Luhaga alikatiza barabara akimfukuzia ndama, gari likamgonga.

Bujiku alieleza hivi, polisi na kijijini, bila kubadilisha neno: alikanyaga breki kwa nguvu zote, gari likazima. Akaruka chini, akampakata mzee mpaka alipokata roho. Akamlaza kichakani asiunguzwe na jua, ndipo akawasha gari na kwenda kuita watu. Polisi wakasema ni ajali. Lakini watu walimkuta mzee kichakani, na maiti ya kichakani haikosi maneno. Wakasema gari ndilo lililomrusha huko, na Bujiku hakusimama, alikimbia. Milembe, mjane wa mzee, hakutaka ng'ombe wala fidia. Alitaka kujua jambo moja tu: mume wake alikufa peke yake?

Sungusungu wakaitisha mkutano, na ntemi wao, yaani mkuu wao, mzee Marcelo, akamwita Athanasi aje na mashine yake. Wee! Alikuja na suruali ya kupiga pasi. Akaweka laptopu juu ya meza, akakohoa kama mwalimu mkuu.

"Sitini na mbili," akasoma. "Hapa anatembea kawaida. Halafu themanini na saba. Themanini na saba. Themanini na saba."

Alizisoma zote arobaini na nane, hakuruka hata moja.

"Maana yake nini?" akauliza ntemi.

"Tabo ya gari hili ni mbovu. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, presha inafika themanini na saba na haipandi tena. Kwa hiyo alipomgonga mzee, alikanyaga mafuta. Na hakutoa mguu kwa dakika nne."

Bujiku akasimama. "Ntemi, gari lilikuwa limezima. Nilikuwa chini na mzee."

Athanasi akacheka. Eti alicheka, mbele ya mjane. "Gari likizima, presha ni sifuri. Kitu kilichokufa kinapumua?"

Watu nao wakacheka, maana ilisikika kama akili. Nani angembishia? Na tuseme ukweli, ilimfaa pia, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuuliza ni nani aliyemtuma dereva akanyage mpaka chini.

Milembe peke yake hakucheka. Alijifunika uso kwa kanga, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe alikufa kama mbwa."

Ikaamuliwa Bujiku atengwe. Asisalimiwe, asipewe moto, asisaidiwe kuzika. Kasmiri naye akamfukuza kazi. Mvua zilipokolea, mama yake Bujiku akafariki. Bujiku alichimba kaburi peke yake siku mbili kwenye tope, kisha yeye akashika kichwani na mkewe Nyanjige miguuni, wakamshusha mama. Majirani walikuwa wakipalilia pamba shamba la pili, hawakuinua vichwa. Athanasi alipohadithiwa alikuwa akila michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Alisema Bujiku alijitakia, akaomba chai nyingine.

Pamba ilipoanza kuuzwa, Kasmiri alirudisha gari gereji. Athanasi akaona bomba la tabo limepasuka, akalibadilisha. Akaunganisha laptopu, akazungusha ufunguo nusu tu, taa za dashibodi zikawaka. Injini hakuiwasha.

Kwenye kioo cha laptopu ikatokea themanini na saba.

Akadhani sensa, kile kidude kinachopima presha, imekwama. Akaichomoa kwenye manifodi, akaishika mkononi hewani. Themanini na saba. Akaipuliza, namba ikapanda. Akaacha, ikarudi pale pale.

Hapo ndipo alipoelewa. Injini isipofyonza, manifodi inajaa hewa ya kawaida, hii hii ya Bariadi inayovutwa na watu na ng'ombe, na hewa hiyo ina presha yake. Sifuri ni pale pasipo na hewa kabisa. Akalifungua faili la siku ile. Themanini na saba arobaini na nane, hakuna themanini na sita, hakuna themanini na nane. Mguu wa binadamu kwenye barabara ile ya mashimo hautulii hivyo hata sekunde kumi. Mtoto wa darasa la pili angeuliza. Injinia hakuuliza. Kwa dakika nne zile gari lilikuwa kimya, ufunguo tu haukuzimwa, na Bujiku alikuwa chini amempakata mzee.

"Mwadila, injinia."

Bujiku mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na begi. Alikuwa amekonda mpaka shati lilikuwa la mtu mwingine.

"Mwadila," Athanasi akaitikia salamu.

"Tunahamia Geita. Sikuja kugombana. Mimi niache hivi hivi, nimeshazoea. Ila mama Milembe bado analia kwamba mumewe alikufa peke yake. Mzee aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikamwambia. Akasema ndama arudishwe zizini, na Milembe asimwuze. Halafu akanishika mkono mpaka mwisho. Wewe watakusikiliza. Angalia tena namba zako, ndugu yangu, umwambie."

Laptopu ilikuwa wazi kati yao. Bujiku namba alizijua, angeinama kidogo tu angeona. Athanasi akaifunika kwa kiganja.

"Nimeangalia," akasema. "Mashine haidanganyi."

Bujiku akatikisa kichwa taratibu. "Wabeja," akashukuru, akaokota begi, akaelekea stendi.

Athanasi alingoja apotee kwenye kona. Akafungua laptopu, akalifuta lile faili, akazima swichi ya gari. Nje mteja akapiga honi.

"Fundi, upo?"

"Injinia," Athanasi akamsahihisha, akatoka akifuta mikono.