Ovaroli ya Lemuel

Mwongozaji wa sinema alikuja mjini kwetu, Georgia, Marekani, na mtaalamu wa vifungo. Kazi ya huyo bwana ilikuwa kuhakikisha sare za askari weusi zina vifungo vilevile vya mwaka arobaini na sita. Tulifarijika sana. Miaka yote hiyo, kumbe shida yetu ilikuwa vifungo.

Sinema ilimhusu baba yangu, Lemuel, aliyeendesha malori ya jeshi kule Ufaransa. Mwishoni anashuka stesheni na sare yake, na mji mzima, weupe kwa weusi, unampigia makofi. Kusubiriwa, alisubiriwa kweli. Alishuka kwenye treni na macho mawili, akafika nyumbani na moja.

Siku zile kila nyumba ya weusi ilijua la kufanya: unampelekea askari wako ovaroli stesheni, abadili kabla wazungu hawajamwona na sare, maana mweusi mwenye sare walimpiga. Shangazi Odessa, binti mdogo wakati huo, ndiye aliyempelekea kaka yake. Baba akakataa kuivaa. Alisema sare ile ameitolea jasho.

"Mwanangu, hilo la jicho mtaliweka?" Shangazi alimuuliza mwongozaji.

"Mama, watazamaji wanahitaji matumaini."

"Na Lemuel alihitaji jicho."

Hata hivyo alikubali kuwa mmoja wa watu wa kumpungia mikono mwigizaji pale stesheni. Nilishangaa, maana shangazi yangu hampungii mtu bure. Siku ya kurekodi, stesheni ilijaa watu wa kukodiwa, wengine wajukuu wa walewale waliomsubiri baba na mipini ya mashoka. Walipiga makofi kwa ustadi mkubwa.

Shangazi akapenya katikati yao, akachomoa ovaroli kwenye mfuko wa karatasi, akamsukumia mwigizaji kifuani.

"Vaa, kaka! Nakuomba, vua hiyo, wanakuja!"

Alikuwa analia kweli. Makofi yakakatika.

"Simamisha!" mwongozaji akafoka. "Mama, hilo halimo!"

"Najua halimo. Ndiyo maana nimekuja nalo."

Sinema ilipotoka tulikwenda kuiona. Ovaroli haikuwemo. Uso wa Shangazi ulikuwemo, umejaa ukuta mzima, machozi yanatiririka, na makofi yamepachikwa juu yake. Mama mmoja nyuma yetu akamnong'oneza mumewe, "Tazama alivyojawa na furaha, maskini."

Shangazi akageuka.

"Ile si furaha, mama. Ninayemlilia pale ni kaka yangu, na wanakuja kumtoboa jicho."