Fungu la Vurugu

Mwaka huo halmashauri ilitenga fedha za kuzuia vurugu katika jamii, na Rogathe akamshukuru Mungu kabla hajajua zitafanya nini. Alikuwa na sababu. Mwanawe Zephania alikuwa na kovu kutoka sikioni hadi begani, na aliyemkata alikuwa Elibariki, jirani yao, ambaye Jumapili alisimama naye kwenye kwaya moja na kuimba besi.

Walipigania maji. Kijiji chetu kiko juu ya Makanya, katika milima ya Upare, na mashamba yetu yote hunywa kwenye ndiva, bwawa dogo la udongo na mawe walilolichimba babu zetu. Usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, kila mtu anachukua kwa zamu. Lakini lango la mbao linalozuia maji lilikuwa limeoza. Mbao ngumu ziko msituni, na msitu ni wa hifadhi. Maji yalivuja usiku kucha, na kulipopambazuka yalimtosha mtu mmoja tu. Wa kwanza kwa zamu alikuwa Elibariki. Wa pili alikuwa Zephania, naye alikuta tope.

Walipatanishwa mbele ya mchungaji, wakapeana mikono, lango likaendelea kuvuja. Sasa kiangazi kilikuwa kinarudi. Zephania alianza kunoa panga lake kila jioni bila kusema anataka kukata nini.

Kwa hiyo Anold, afisa wa halmashauri, alipopanda kijijini kuutambulisha mradi, Rogathe alisimama wa kwanza.

"Mwanangu, tunaomba lango la ndiva."

"Mama, shikamoo. Lango ni fungu la maji. Mimi nina fungu la vurugu."

"Marahaba. Lakini vurugu zetu zinatoka hapo hapo langoni."

"Fungu haliangalii zinatoka wapi, mama. Linaangalia zimezuiwa kwa njia gani."

"Na njia ni zipi?"

"Semina, fulana na bango."

Mwenyekiti Fredrick, ambaye hajawahi kukataa fulana, akapiga makofi. Rogathe akarudi nyumbani, akapiga magoti. Aliamini kwamba Mungu aliyeigawa bahari hashindwi kuhamisha fungu.

Siku ya semina gari lilileta projekta, katoni ya fulana na bango la chuma nene lenye miguu miwili. Liliandikwa: KIJIJI HIKI KIMESHINDA VURUGU.

"Tumeshinda lini?" Rogathe akauliza.

"Semina ikiisha," Anold akajibu.

Tatizo likawa watu. Ndani ya ukumbi wa kanisa walikuwa Rogathe, mwenyekiti, na bibi watatu ambao huja kila wanaposikia kutakuwa na chai.

"Wengine wako mashambani," Fredrick akasema.

"Mwenyekiti, bila watu hakuna picha. Na bila picha hakuna semina."

"Subiri, mheshimiwa. Njia ninayo."

Akatoka, akaichukua pembe ya msaragambo, akapanda juu ya mwamba, akaipuliza.

Mpare akiisikia pembe ile haulizi maswali. Ni wito wa kazi ya pamoja. Anashika jembe, panga au sururu na kukimbia, kwa kuwa anayechelewa anatozwa faini. Fredrick alizaliwa akaikuta, kwa hiyo hakukumbuka kwamba mgeni haijui.

Anold alikuwa ameanza. Ukutani yaliwaka maneno: Dalili za awali za vurugu. Chini yake: Moja, watu kukusanyika ghafla wakiwa na silaha. Akageuka dirishani ili avute pazia, na hapo akaona mlima wote unateremka. Wanaume kwa wanawake walikuja mbio kutoka kila upande, mapanga yaking'aa juani.

"Mama! Hawa ni akina nani?"

"Ni washiriki," Rogathe akasema.

Anold hakungoja kujitambulisha. Yeye na dereva wake waliingia ofisi ya mchungaji wakafunga mlango kwa ndani.

Nje watu walikuwa wanahema. "Mwenyekiti, kazi iko wapi?"

"Hakuna kazi, ndugu zangu. Ni semina. Karibuni ndani, kuna fulana."

"Semina?" Elibariki akasogea mbele na jembe lake. "Mimi nimeacha dawa ya nyanya kwenye bomba! Pembe ya msaragambo unaipulizia fulana? Toa kazi, au utoe faini wewe."

"Faini! Faini!" wakaitikia, na walioitikia kwa nguvu zaidi ni wale ambao Fredrick aliwahi kuwatoza.

Rogathe akapanda ngazi ya kanisa. Alifumba macho kwa maombi mafupi, ambayo kwake si mafupi sana, na watu wakasubiri kwa sababu wanamjua.

"Kazi ipo," akasema. "Lango la ndiva."

"Kwa mbao zipi, Mama Zephania?"

Rogathe alikuwa amefika mwisho wa alichopewa na Mungu. Zephania ndiye aliyeligonga lile bango, lililoegemezwa ukutani mwa kanisa, kwa mgongo wa panga. Likalia kama kengele. Elibariki akaja upande wa pili, naye akaligonga.

"Litaingia langoni," Elibariki akasema.

"Miguu ikae juu, tushikie hapo kulinyanyua," Zephania akasema.

Hawakuwa wamesemeshana tangu ile siku ya panga.

Anold, akichungulia dirishani, aliona bango lake linaondoka mabegani mwa watu wenye mapanga. Hilo likamtoa nje. Si kwamba alipata ujasiri. Bango alikuwa amelisainia.

"Jamani! Hiyo ni mali ya umma!"

"Na sisi ndio umma," bibi mmoja akamwambia akipita. "Shika mguu huo, mwanangu, unanivunja bega."

Kwenye ndiva ikaonekana bango ni pana kuliko tundu. Ilibidi ukingo mmoja uchimbwe.

"Chimbeni upande wa shamba la Zephania," Elibariki akasema.

"Kwa nini kwangu?"

"Kwako kuna udongo."

"Kwangu kuna kovu." Zephania hakupaza sauti. Mkono wake ulishuka kwenye mpini wa panga, na watu wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Rogathe akaomba, safari hii macho wazi.

Wakati huo Anold alikuwa ameshuka ndani ya tope atafute pembe nzuri ya picha. Aliteleza. Akalikumbatia bango, bango likainama naye, na yeye akawa chini yake.

"Nakufa! Shikeni bango la serikali!"

Elibariki akaruka upande huu, Zephania upande ule.

"Usiachie, wewe!"

"Wewe ndiye usiachie!"

"Nikiachia huyu anakufa, halafu watakuja na semina kubwa zaidi!"

Wakaendelea kutukanana huku wamelishikilia, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kutoka upande wake, akina mama walichimba kingo zote mbili na kushindilia udongo. Alipochomolewa, Anold aliomba jambo moja tu, simu yake. Rogathe akampiga picha akiwa katikati ya wanaume wawili, matope hadi kifuani, na maneno ya ushindi yakiwa kichwa chini.

Picha ile ilipendwa sana ofisini. Kijiji chetu kikatangazwa kwamba kimeshinda vurugu, na kwa sababu hiyo mwaka uliofuata kikaondolewa kwenye mradi, kwani fungu ni la vijiji vyenye vurugu. Mwenyekiti alihuzunika.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Kesho yake asubuhi ndiva ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Elibariki akanyanyua bango, akaanza zamu yake. Zephania alisimama mahali pake pa zamani, jembe begani, panga kiunoni, akiyatazama maji. Mama yake alikaa juu ya jiwe na hakuthubutu kuyatazama. Jua likapanda. Nyanya za Elibariki zikalowa mstari kwa mstari, na maji bado yalikuwepo mengi.

Elibariki akasukuma udongo kwa mguu, akaziba mfereji wake.

"Zephania! Njoo uchukue, kabla halmashauri haijaja kudai bango lake!"

Zephania alikuwa ameshaingia mferejini kwake.

"Wakija," akasema akiinama na jembe kuufungua, "waambie wasubiri zamu."