Mikono Miwili ya Kushoto

Mume wangu anaosha chupa. Miaka kumi na tisa sasa, katika maabara ya chuo, ndani ya koti la bluu. Vijana wa pale wanamwita Profesa, na si kwa heshima. Mwaka huu walimruhusu kufanya mtihani wa ufundi wa maabara kwa mara ya tatu, nayo ndiyo ya mwisho. Akifaulu, anavaa koti jeupe. Akianguka, ni chupa mpaka anastaafu.

Mimi ni fundi cherehani, na subira sina. Jumamosi ile nilimkuta kwenye meza yangu ya kukatia, kachukua nta yangu ya uzi, kaifinyanga madonge, kachomeka vijiti vya meno, na kila kijiti kakivisha kifungo changu. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa.

"Mama watoto, nihurumie," alisema bila kuinua kichwa. "Kaboni nne, haidrojeni kumi, oksijeni moja. Wanataka alkoholi zote zinazowezekana. Mimi napata nne. Kitabu kinasema tano."

"Basi kitabu kimekosea."

"Nimeanguka mara mbili kwa swali hili hili."

Akanionyesha. Vipande ni vile vile, lakini mnyororo wa kaboni ukinyooka ni kitu kimoja, ukitoa tawi ni kingine. Oksijeni ikikaa mwishoni, kingine. Ikisogea ndani, kingine tena. Hilo halikunisumbua, maana kitambaa kile kile hutoa sketi au suruali. Nikahesabu mwenyewe. Nne.

Nikarudi kwenye kazi yangu, kitambaa cha drili nyeupe, koti la mteja, ndivyo nilivyomwambia. Na kwa kumsikiliza yeye akinung'unika, nikafanya kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nilikata mkono mmoja, nikailaza karatasi ya kipimo vile vile bila kuigeuza, nikakata wa pili. Nikakaa chini.

"Mbona imefanana?" akauliza Profesa. "Shida iko wapi?"

"Shida ni hiyo hiyo, imefanana. Yote ya kushoto. Wa kulia una vipimo vile vile, kila kitu vile vile, lakini haulali juu ya huu hata uuzungushe vipi. Ukiupindua, mgongo wa kitambaa unatokeza nje."

Akachukua alkoholi ile yenye oksijeni ndani ya mnyororo. Donge la kaboni iliyoshika oksijeni lilikuwa na mikono minne, na kila mkono umeshika kitu chake: kifungo cheupe, chekundu, cha bluu, cheusi. Akaitazama kwenye kioo cha wateja, akaunda nyingine kama alivyoiona kiooni, akanikabidhi zote mbili.

"Wewe ndiye fundi. Zilaze pamoja."

Nilizungusha weee. Cheupe juu ya cheupe, cheusi juu ya cheusi, na chekundu kinaangukia cha bluu. Nikatoa cheusi kote kuwili, nikaweka cha bluu kingine, ili mikono miwili ishike kitu kimoja. Zikalala pamoja papo hapo. Nikarudisha cheusi, zikakataa. Kitu kidogo vile, kisichoonekana kwa jicho, nacho kina kushoto na kulia.

"Tano," alisema.

Jumatano alirudi kutoka kwenye mtihani na karatasi mbili nyembamba zilizodondoshewa dawa ya maabara, kila moja kwenye nailoni yake.

"Matokeo?"

"Nusa kwanza."

Nusura nimrushie mkasi. Nikanusa. Ya kwanza, mnanaa. Ya pili, kiungo cha kisibiti, wazi kabisa.

"Vipande ni vile vile," alisema, "vimeungana vile vile. Kaboni moja tu imegeuza mikono. Mtahini alininusisha, akaniuliza kwa nini. Nikamweleza habari ya mikono ya koti."

Nikanusa tena, na tena. Pua yangu hii, isiyojua herufi moja ya kemia, imekuwa ikitambua kushoto na kulia miaka yote jikoni, na mimi sina habari.

"Haya, na matokeo?"

Alivua koti la bluu, akalikunja, akaliweka kitini. Kisha akatazama lile koti jeupe nililolimaliza jana, likining'inia ukutani, akanigeuzia mgongo na kunyoosha mikono nyuma.

"Lile ni la mteja," nikasema.

"Mteja mwenye mikono mirefu kama yangu," alisema. "Nivishe."