Chumba cha Bluu cha Mama Hilaire

Chokaa mbichi humtisha mtu asiyeizoea. Ukiipaka ukutani ikiwa bado na maji yake, rangi huonekana nzito na chafu, na asiye na subira huikwangua yote kabla haijakauka. Léoncie alilijua hilo. Ndiyo maana Zihindula seremala alipochungulia mlangoni na kujishika kichwa kwa mikono miwili, yeye hakugeuka hata shingo.

"Yoo! Mama Léoncie! Hii ni chumba ya kulala ao ni chupa ya wino?"

"Rudi kesho asubuhi, Papa Zihindula. Utaniuliza mbingu nimeinunua soko gani."

Alikuwa amesaga vidonge vya bluu ya kufulia na kuvimimina kidogo kidogo katika ndoo ya chokaa, akikoroga na kujaribia kwenye kipande cha ubao, mpaka akaipata rangi aliyoitaka: ile ya ziwa la Kivu alfajiri, kabla upepo haujaamka, wakati mtu hawezi kusema maji yanaishia wapi. Léoncie alifundisha wasichana ushonaji na utunzaji wa nyumba. Shuleni aliitwa sitwayeni Kavira, yaani raia Kavira, maana majina ya ubatizo serikali ilikuwa imeyapiga marufuku. Mtaani alibaki Léoncie. Kila mwaka aliwaambia wanafunzi wake kwamba chumba cha kulala si ghala la kitanda. Macho ndiyo hulala kwanza, aliwaambia, mwili hufuata.

Sasa neno hilo lilikuwa limemrudia nyumbani kudai ushahidi.

Chumba kilikuwa cha mama mkwe wake, Nyiransengimana, ambaye watu wote walimwita Mama Hilaire kwa jina la mwanawe mkubwa, mume wa Léoncie. Mwezi wa kwanza wa mwaka wa sabini na saba, mlima wa moto wa Nyiragongo ulipopasuka mbavu na moto ukashuka mbio kuelekea mjini Goma, nyumba ya mama huyu pale Munigi ilimezwa, pamoja na maharagwe ya msimu mzima na ng'ombe wake. Yeye alitoka na ungo mkononi, na mpaka leo hakujua aliuchukua wa nini. Tangu siku ile aliishi kwa binti yake kule Kalengera, na tangu siku ile usingizi ulimkimbia. Usiku alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, amejifunika kitenge, mpaka majogoo. Mchana alisinzia juu ya maharagwe aliyokuwa akichambua.

Hilaire, aliyekuwa karani katika ghala la kahawa, alikwenda kumwona akarudi jioni. Alikula nusu ya ugali wake, akasukuma sahani.

"Amebaki mifupa. Muganga anasema mapafu ni mazima, moyo ni mzima, dawa iliyobaki ni usingizi. Nitamuleta hapa. Kama hapa pia hatalala atarudi Kalengera, na mimi, Léoncie, sizani kama tutamupata tena mvua ijayo."

"Atalala," alisema Léoncie.

Kulikuwa na jambo moja tu baya. Dirisha la chumba kile liliutazama mlima. Baada ya moto wa sabini na saba mlima ulikuwa umezimika kabisa, ukawa giza kama vilima vingine. Lakini katika kiangazi cha mwaka huu wa themanini na mbili ukawaka tena huko juu mdomoni, na kila jioni isiyo na mawingu wingu jekundu lilisimama juu ya Goma, watu wakalizungumza kwa sauti ya chini. Mama Hilaire hakuwa na habari. Kalengera vilima vilimkinga.

Basi Léoncie akashona pazia la kitambaa kizito lenye bitana, na juu ya hilo akamwagiza Zihindula kabati refu la kusimamishwa mbele ya dirisha lenyewe. Nyumba nzima ikaapishwa: mbele ya Mama hakuna kutaja mlima. Hata Mama Philomène, jirani aliyeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, aliapa kwa kidole angani, ingawa kwake yeye kunyamaza ni kazi kama kupanda Nyiragongo yenyewe.

Chokaa ilikauka. Chumba kikawa cheupe-bluu, chepesi, kama kimeoshwa. Léoncie akatandika shuka alizozitarizi ukingoni kwa uzi wa kijani, akaweka mto alioujaza sufi kwa mkono wake, akatandaza mkeka laini pale miguu ingeshukia asubuhi. Juu alipigilia dari ya mbao nyembamba za triplex ili mvua isipige ngoma kwenye mabati juu ya kichwa cha mtu. Zihindula alikuja, akatazama, akakosa la kusema, na kwa Zihindula hilo lilikuwa sifa kubwa.

Mama Hilaire alifika siku ya mvua, mlima umejifunika mawingu mpaka kiunoni. Alisimama kizingitini, mwembamba kama mpini wa jembe, akazungusha macho kuta zote nne.

"Mukazana wangu," alimwambia mke wa mwanawe, "unataka nilale ao niogelee?"

Hilaire alicheka mpaka akakohoa. Léoncie naye alicheka, lakini alimwona mama mkwe akipitisha kiganja ukutani polepole, na moyo ukamtulia.

Asubuhi aliingia na kikombe cha maziwa ya moto. Kitanda kilikuwa kama alivyokitandika. Mama alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, kitenge mabegani, macho makavu.

"Chumba ni kizuri, binti yangu. Usizani ni chumba."

Léoncie alidhani ni chumba. Aliondoa godoro la musi, ile sponji nene, pengine ni laini mno kwa mgongo uliozoea kirago, akalirudisha. Akabadili shuka. Akatoa kioo, maana wazee wengine hawapendi kulala mbele ya kioo. Akapeleka kitanda ukuta wa pili. Kila asubuhi kitanda kilikuwa baridi, na kila asubuhi Mama alisifu rangi kwa upole uliomuumiza Léoncie kuliko tusi. Mwalimu wa utunzaji wa nyumba! Bibi wa macho-hulala-kwanza!

Mwishoni Mama mwenyewe alisema, akimenya viazi.

"Jumamosi lori ya mbatata inarudi Kalengera. Mwambie Hilaire anitafutie nafasi mbele, karibu na dereva."

"Mama, bado kidogo..."

"Nimechosha nyumba yako. Kila siku unasukuma kitanda kama mutu anatafuta panya."

Léoncie alichukua kisu cha pili akamenya naye. Mvua ilikuwa imekatika, jua linashuka upande wa Sake, na mlangoni pakasikika sauti iliyojulikana mtaa mzima.

"Hodi hapa! Mama Hilaire, unaendelea je?"

"Niko, Philomène. Macho tu ndiyo yanakataa kufungwa. Leta samaki."

Philomène alitua beseni, akafunua jani. Sambaza walikuwa kiganja kimoja tu, wakiona haya ndani ya beseni.

"Ndiyo hizi tu?" aliuliza Mama. "Ziwa imekauka?"

"Si ziwa, Mama! Jana mawingu ilifunguka kidogo, mvuvi anawasha taa yake ku mutumbwi, sambaza banakuja, halafu banaona taa ya mulima nayo imewaka, banashindwa waende ku taa gani, banatawanyika—"

Akajiziba mdomo kwa mkono uliojaa magamba. Kisu cha Léoncie kilisimama katikati ya kiazi.

"Taa ya mulima," alisema Mama Hilaire.

Philomène akalifunika beseni lake upesi.

"Léoncie." Hakuwahi kumwita kwa jina, siku zote mukazana au binti yangu. "Mulima imewaka?"

"Ndiyo, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi. Tulificha, Mama. Tuliogopa utaogopa."

"Imewaka wapi? Ku mbavu, kama siku ile?"

"Hapana. Juu, ku kinywa yake."

Mama aliweka kiazi chini, akapangusa mikono, akainuka kwa kujishikiza ukuta.

"Na dirisha ya chumba yangu, nyuma ya ile kabati, inaangalia wapi?"

Léoncie alitua kisu. Aliingia chumbani, akaweka bega kwenye kabati. Philomène, aliyejiona mwenye deni la ulimi, akaja na nyonga yake nene, wakasukuma pamoja mpaka kabati likalia sakafuni na kutoka mlangoni. Léoncie akashika pazia zito. Akasita. Akalivuta.

Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni, mweusi juu ya mbingu ya jioni, na mdomoni mwake wekundu umetulia, hautapiki, unapumua tu. Wekundu ule uliingia dirishani ukatua kwenye kuta za bluu, nazo zikabadilika, zikawa na rangi ya ganda la kiazi kitamu kilichooshwa sasa hivi. Léoncie hakuwahi kuichanganya rangi ile, wala asingejua aanzie wapi. Alisubiri mama mkwe apige kelele.

Mama Hilaire alikaa kitandani. Akatazama muda mrefu, na mabega yake yakashuka taratibu, kama mtu anayetua mzigo wa kuni.

"Wewe unapika kila jioni," alisema. "Kabla ya kulala, moto unauacha wapi?"

"Ku mafiga, Mama. Naufunika jivu."

"Na unalala, kwa sababu unajua moto iko ku mafiga. Sasa ukiamuka, unakuta mafiga ni baridi, na hukuuzima wewe. Utalala?"

Léoncie alitikisa kichwa.

"Miaka yote ile mafiga ilikuwa baridi. Siku ile moto ilitoka juu, ikaniingilia nyumbani, halafu ikapotea. Nikikaa Kalengera najiuliza: iko wapi? Iko chini ya kitanda? Iko chini ya mutoto? Mutu mumoja lazima akeshe." Akanyoosha kidole dirishani. "Ile pale. Imerudi ku mafiga yake."

"Lakini inaweza kutoka tena, Mama," alisema Philomène kutoka mlangoni, maana hakuweza kujizuia.

"Inaweza. Lakini naiona. Geuzeni hiki kitanda, miguu yangu iangalie kule."

Waligeuza. Mama alijilaza kwanza kama mtu anayejaribu kiatu, upande mmoja, kisha mwingine. Akaupapasa mto. "Sufi," alisema, "uliujaza vizuri." Akaanza kusema jambo jingine juu ya rangi ya ukuta, lakini halikufika mwisho. Alikuwa bado na kitambaa kichwani na ndala miguuni. Léoncie alimvua ndala, akazipanga juu ya mkeka, akamvuta Philomène nje kwa mkono.

Hilaire aliporudi alikuta kabati limesimama sebuleni kama mgeni asiyekaribishwa, akaruka.

"Umemuonyesha! Léoncie, umemuonyesha mlima!"

"Sikiliza," alisema Léoncie.

Kupitia ukuta ilikuja sauti nene, ya kukwaruza, isiyo na aibu. Mama yake alikuwa akikoroma. Hilaire alikaa juu ya kiti, akafunika uso, na Léoncie akamwacha apanguse macho yake kwa nafasi.

"Sasa ni sisi hatutalala," alisema Hilaire.

Jumamosi asubuhi lori la viazi lilipiga honi kwenye kona. Léoncie alitoka mbio, kidole mdomoni, mkono mwingine ukipunga.

"Mama iko wapi?" aliuliza dereva. "Niliambiwa nafasi ya mbele. Nimungojee?"

"Usimungojee. Amelala. Pita Kalengera, waambie hivyo tu: amelala."

Dereva alitazama jua lililokwisha kupanda, akatazama dirisha lililo wazi, lisilo na pazia. Kisha akatia gari moto kwa upole, na hakupiga honi tena mpaka alipofika barabara kubwa.