Sahani ya Jirani wa Mtandaoni

Alasiri hiyo Bi Mwanakheri alikuwa amekaa mkekani, ukumbini mwake mtaa wa Kiponda, anasugua kipande cha liwa, ule mti wa kunukia, juu ya jiwe huku akichovya vidole kwenye kikombe cha maji. Maji yenyewe yalikuwa ya jana. Mfereji wa uani ulikuwa unatoa upepo tu, maji hakuna, tangu asubuhi, kama kawaida yake, na nyuma ya ukuta pampu ya hoteli ilikuwa inanguruma, kama kawaida yake pia.

Mjukuu wake Nadra, anayesoma chuo huko Tunguu, alikuwa kando yake na kompyuta mapajani. Tovuti ya duka la bibi la singo, ya kuwasugulia maharusi mwili, alishaimaliza. Picha za vikuba vya mwasmini na mawaridi zilikaa pahala pake, na jina la bibi liliandikwa juu kwa herufi za madaha. Kilichobaki ni kuichagulia nyumba.

"Si imo humo?" akauliza Bi Mwanakheri, akiionesha kompyuta kwa kidole chenye liwa.

"Humu nnaiona mie tu, bibi. Ili Afra aione huko Maskati, lazima ikae kwenye kompyuta kubwa isiyozimwa. Inaitwa seva. Watu wanaikodisha."

Afra alikuwa bi harusi mtarajiwa, mjukuu wa shoga yake Bi Mwanakheri. Yeye na jamaa zake walikuwa wanasubiri tovuti ifunguke waagize singo ya harusi. Wakikosa, watanunua ile ya unga ya kopo hukohuko, kama walivyokwisha kufanya mabibi harusi wa mjini, na duka litakuwa halina tena sababu ya kufungua mlango.

"Inakodishwaje?" akauliza bibi.

Nadra alimweleza kwa mfano wa nyumba, maana nyumba bibi yake anazijua. Iko seva ya kukaa wengi, kama jumba la Mji Mkongwe: kila mtu na chumba chake, ngazi moja, mfereji mmoja. Iko ya kukatiwa sehemu: jumba ni la wengi vilevile, lakini upande wako umezungushiwa ukuta na maji yako hayaguswi na mtu. Na iko ya kuchukua jumba zima peke yako, chini mpaka darini.

"Jumba zima mie nkafanye nini, nkacheze gololi? Na hiyo ya ukuta, jirani akipika pilau utasikia harufu?"

"Husikii kitu, bibi."

"Basi ya wengi. Tangu kuzaliwa sijakaa peke yangu."

"Ndiyo rahisi pia. Na kampuni inaahidi kila mpangaji atatumia bila kikomo."

"Wote?"

"Wote."

"Ajabu hiyo," akasema Bi Mwanakheri, akaendelea kusugua.

Nadra alipobonyeza mara ya mwisho, bibi alinyanyuka akatia makaa chetezoni. Mtu akihamia nyumba, pembe zake hufukizwa udi na majirani hupelekewa sahani. Hilo halikuhitaji kujadiliwa. Aliifukiza kompyuta mbele na nyuma, kisha akapanga sahani za visheti ubavuni mwake, kila moja imefunikwa kawa lake.

"Lakini majirani wenyewe hatuwajui," akasema Nadra.

"Ndiyo maana nnawapelekea."

Aliporudi kutoka kusali Magharibi, sahani hazikuwapo. Asubuhi zilikuwa zimerudi. Moja ilikuwa na sabuni za mwani na salamu za Wanu wa Jambiani, na chini yake mchanga. Nyengine ilikuwa na pweza mkavu wa Matemwe. Ya tatu ilirudi tupu, imeroa, inanuka dawa ya bwawa la kuogelea. Bi Mwanakheri aliigeuza mbele na nyuma. Hajawahi kurudishiwa sahani tupu.

"Labda mgeni, hajazoea," akasema, akaipangusa.

Siku hiyohiyo ukumbini, kando ya shubaka la ukutani, palikuwa na mlango ambapo kabla yake ulikuwapo ukuta. Ulikuwa mlango mdogo, na msumari juu yake. Bi Mwanakheri alitundika kanga kwenye msumari.

Kisha Afra akapiga simu.

"Shikamoo, bibi. Ukurasa wako haufunguki. Asubuhi sawa, lakini ikifika alasiri unazunguka tu, mpaka nnapata kizunguzungu mie."

"Marahaba. Subiri mwanangu, usende kwa watu wa kopo."

Nadra alibonyeza huku na huku. "Yupo mpangaji anawabana wenzake. Lakini simwoni ni nani."

"Si tukamtazame," akasema bibi. Akaishusha kanga msumarini, akajifunika, wakapita mlangoni.

Ndani mlikuwa na ukumbi mrefu wenye vyumba pande zote. Katikati pote pamejazwa picha za hoteli, kila picha na ukubwa wa kitu chenyewe: vitanda vya vyandarua, mapazia, masinia ya kamba wa kukaanga. Ilibidi wapite ubavu ubavu. Kwenye kizingiti kimoja alikaa mwanamke amekumbatia boksi la sabuni.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Kumbe ndo wewe Wanu?"

"Ndo mie. Visheti vyako vimeliwa na watoto, hata cha kuonja sikubakishiwa."

"Nani huyu kajaza njia?"

"Hoteli. Wenyewe hatuwaoni, tunaona vitanda vyao tu. Mteja wangu jana kakwama hapo kwenye magodoro, kageuza."

Mwisho wa ukumbi lilikuwapo bwawa la kuogelea, limejaa pomoni. Bomba moja lilipita vyumba vyote na kumwaga humo. Bi Mwanakheri aliinama akalitazama. Kwenye kiungo palifungwa kipande cha kanga nyekundu. Ni yeye aliyekichana, mwaka bomba la mtaa lilipovuja, na marehemu mumewe ndiye aliyekifunga. Alilijaribu fundo kwa vidole. Bado lilikuwa limekaza.

"Bomba letu," akamwambia Nadra.

Wakachota ndoo, wakagawana na Wanu, wakarudi. Maji yaliachwa wazi mpaka harufu ya dawa ikaisha, na liwa ikasagika vizuri. Tangu hapo wakawa wanachota kila siku.

Lakini ukurasa uliendelea kuzunguka. Bi Mwanakheri akaenda kwa meneja wa hoteli ya nyuma ya ukuta, Mansour, kijana mwenye adabu, aliyenyanyuka kumvutia kiti.

"Mansour mwanangu, maji ya mtaa yamo bwawani mwenu, mule ndani ya seva. Na vitanda vyenu vimetuzibia njia."

"Najua, bibi. Lakini sisi tumeahidiwa bila kikomo."

"Na sie tumeahidiwa bila kikomo."

"Basi sote haki yetu moja. Hapa hakuna aliyedhulumiwa."

Akamwagizia maji ya ndimu. Yalikuja na barafu nyingi.

Nadra alikuwa anamsubiri ukumbini. "Tuhamie ile ya ukuta, bibi. Itafunguka alasiri yote. Lakini mlango huu utazibika."

Bi Mwanakheri aliitazama ndoo, kisha mlango. Simu ililia tena. Afra akasema mama mkwe keshaanza kutaja kopo.

"Hamisha," akasema bibi. "Lakini tukatiwe mie na Wanu pamoja. Mmoja akipika, mwenzake asikie harufu."

Ikafanywa hivyo. Kwenye nyumba mpya udi ulifukizwa, na Wanu akapelekewa visheti vyake peke yake. Mlango ukarudi kuwa ukuta; ukabaki msumari, na kanga yake. Ukurasa ukafunguka asubuhi na alasiri. Afra akaagiza, wakaagiza na binamu zake, na Bi Mwanakheri akawa anasugua liwa kwa maji anayoyabeba mwenyewe kutoka kisima cha msikiti, njiani akipumzika kila baada ya kona.

Kuhama hakuvunji ujirani, kwa hivyo kila Ijumaa hutenga sahani moja kwa ajili ya nyumba ya zamani, upande wa hoteli. Sahani huondoka yenyewe na kurudi. Ijumaa hii pia ilirudi tupu, imeroa. Mfereji ulikuwa unatoa upepo, pampu inanguruma. Bi Mwanakheri alitoka nayo uani, akaiinamisha juu ya chungu cha mwasmini mpaka tone la mwisho likadondoka, kisha akaipangusa na kuiweka kwa Ijumaa ijayo.