Kuku Mwenye Mdomo

Tangu mama mkwe alipofika kutoka Kitgum, Akumu aliufunga mdomo wake, na mdomo ule haukuzoea kufungwa. Wiki nzima ilikuwa "ndiyo, Mama", hata pale roho ilipomchemka.

Leo bibi huyo anarudi kwake, na haondoki mikono mitupu. Achague kuku mmoja. Uani walikuwepo kuku chotara wawili, waliotoka yai moja ungesema, lakini wapi! Sista alikuwa mpole hata Lakot, bintiye Akumu, alimbeba mgongoni kama mtoto. Afande alidonoa kila mguu uliopita, na Odoch mwenyewe, mumewe Akumu, askari polisi mzima, alimkwepa kwa mbali.

"Amchukue Afande, Mungu wangu," Akumu aliomba kimoyomoyo.

Bibi akainama. Sista, mjinga yule, akamwendea mwenyewe mpaka mikononi. Machozi yakamlenga Lakot. Akumu akamvuta binti yake karibu. Mara Afande akaja mbio, akamdonoa bibi kisigino!

Akumu alishika kichwa. Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

"Nifungie huyu. Huyo mpole wenu, kuku wa kwangu watamnyang'anya hata punje ya mwisho. Mimi napenda mwenye mdomo."

Akumu akashusha pumzi, akaenda kutafuta kamba.

"Na wewe," bibi akamwita, "mwanangu alioa mwanamke mwenye mdomo, nikafurahi. Amekwenda wapi?"

Akumu akageuka, kamba mkononi.

"Yupo, Mama. Na mchuzi wako wa jana ulikuwa chumvi tupu."